Beringi za nyuma hazidumu, na bosi anasema nikaze nati tu

Shikamoo fundi,

Mimi ni kijana wa bodaboda hapa Ifakara. Naendesha Boxer 150 ya mkataba. Kila siku nampelekea bosi elfu kumi, Jumapili ni ya kwangu, na nikimaliza miezi iliyobaki pikipiki inakuwa yangu. Asubuhi napeleka watu makazini, mchana nabeba chochote kinachopatikana, na wakati wa mavuno nabeba mpunga kutoka shambani hadi mashineni, gunia kamili kwenye keria.

Tangu masika tairi la nyuma linayumba. Nikiingia kona abiria ananishika bega na kuuliza mbona pikipiki inakata mauno. Fundi wa kijiweni akasema ni beringi, akaweka mbili mpya za elfu tatu tatu. Ikatulia wiki chache, halafu ikaanza sauti ya kusaga. Nikiwa kwenye mteremko nikaminya klachi naisikia vizuri kabisa. Akabadilisha tena. Safari hiyo beringi moja ilizama kwenye habu (kitovu cha tairi) kwa kusukumwa na kidole, basi akachukua senta panchi, kile chuma chenye ncha kali cha kugonga alama, akapiga vidoti kuzunguka ndani ya habu ili ibane.

Sasa limerudi kucheza. Cheni naikaza asubuhi, lakini nikizungusha tairi kuna mahali inakaza na mahali inaning'inia. Breki nayo inashika na kuachia. Fundi mwingine ananiambia beringi hazina shida, ni bushi za swingamu (ule mkono wa chuma unaoshika tairi la nyuma kwenye fremu), na anataka elfu arobaini. Bosi anasema nikaze nati nitembee, matengenezo makubwa tutaongea mkataba ukiisha. Mimi hesabu hainisubiri. Na mke wangu ni mjamzito, kliniki anakwenda kwa pikipiki hii hii.

Naomba unisaidie: nitajuaje tatizo liko wapi? Kwa nini beringi mpya zinakufa haraka hivi? Na je, naweza kuendelea na kazi taratibu huku natafuta hela?

Kijana wa boda, Ifakara

*

Marahaba, kijana wangu,

Nianze na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilongoja. Usipandishe abiria tena mpaka tairi hilo lifunguliwe. Mama kijacho atafutiwe usafiri mwingine kuanzia kliniki ijayo. Kwa hali uliyoieleza, beringi imeshaanza kuchakaa hadi breki na cheni zinahisi. Ikifika mwisho, kizimba kinachozitenganisha gololi huvunjika, gololi hujikusanya upande mmoja, na tairi hulala pembeni ghafla. Hapo cheni inaweza kuruka ikajikunja kwenye sproketi, au breki shuu zikabana ndani ya dramu, na tairi la nyuma likafunga wakati uko mwendoni. Kukaza nati hakuzuii chochote kati ya hayo, na nitakueleza chini kwa nini kwenye pikipiki yako huenda ndiko kunakozimaliza beringi.

Sasa tutafute ugonjwa. Mafundi wako wawili wanabishana jambo ambalo mikono yako miwili inaweza kulimaliza bure, bila spana. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, mahali pa tambarare, na hakikisha kwanza nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya tairi, imekazwa. Chuchumaa nyuma yake. Shika tairi juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine, usukume na kuvuta kwa kupishanisha. Kisha shika mbele na nyuma ya tairi ufanye vivyo hivyo. Muombe mwenzako aweke kidole pale swingamu inapokutana na habu, na kidole kingine pale swingamu inapoingia kwenye fremu. Tairi likicheza huku swingamu imetulia, shida ni beringi au habu. Swingamu yenyewe ikitembea pamoja na tairi, shida ni bushi. Vyote viwili vikitembea, basi mafundi wote wawili wana haki, ila tairi ndilo linaloanza. Pitisha pia mkono kwenye spoku moja moja, maana spoku zilizolegea nazo huleta kuyumba, ingawa hazileti sauti ya kusaga.

Kwa ulivyoandika, mimi naona mambo ya beringi na habu zaidi kuliko bushi. Cheni inayokaza na kulegea inaweza kuwa ni cheni iliyovutika vibaya au sproketi isiyo mviringo, lakini ikija pamoja na breki inayoshika na kuachia, maana yake katikati ya tairi hapakai katikati tena. Dramu inazunguka kwa kuhama, inazisogelea shuu na kuziacha. Elfu arobaini za bushi usizitoe kabla ya jaribio hilo.

Tuje kwenye swali zito: kwa nini zinakufa. Beringi ya tairi haifanyi kazi ngumu ya mwendo. Ukiwa kilomita 60 kwa saa, tairi la inchi 17 linazunguka kama mara 500 na kidogo kwa dakika, na injini yako inazidi hapo mara nyingi. Beringi nzuri iliyofungwa vizuri hukaa muda mrefu sana. Ikifa ndani ya wiki chache kuna kitu kinaiua, na ukiweka nyingine bila kukitafuta, nayo itakwenda njia hiyo hiyo.

Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni kibomba cha katikati. Ndani ya habu, kati ya beringi mbili, kuna bomba fupi la chuma ambalo ekseli inapita ndani yake. Vijana wengi wanaliona kama kipande cha kujaza nafasi, na nimeona habu zilizofungwa bila hicho kibomba kwa sababu kilidondoka wakati wa kugonga beringi kikasahaulika chini. Kazi yake ni kubwa. Unapokaza nati ya ekseli, nguvu yote inapita kwenye ringi za ndani za beringi, zile zinazoshika ekseli. Kibomba kikiwepo na kikiwa na urefu sahihi, ringi hizo mbili zinakiegemea na nguvu inaishia hapo. Kikikosekana, au kikiwa kimelika ncha, au fundi amekikata, ringi za ndani zinavutwa kuelekeana huku za nje zimekalia habu. Gololi zinabanwa kwa ubavu, pahali ambapo hazikutengenezewa kubeba mzigo mkubwa. Beringi inapata moto, grisi inayeyuka na kutoka, na baada ya hapo ni chuma juu ya chuma. Kadiri bosi anavyosema kaza, ndivyo unavyozidi kuibana.

Jaribio lake ni rahisi na ningependa ulifanye kabla hata ya kufungua. Toa cheni kwenye sproketi, legeza breki kabisa, legeza na nati ya ekseli. Zungusha tairi kwa mkono na uhisi linavyotembea. Kisha kaza nati kidogo kidogo huku unazungusha. Tairi lenye kibomba sahihi linazunguka vile vile nati ikiwa imelegea na ikiwa imekaza. Lako likianza kuwa zito jinsi nati inavyoingia, usitafute mchawi mwingine. (Huku nati ikiwa imelegea, usimruhusu mtu apande hata kuisogeza.)

Mtuhumiwa wa pili ni nyundo. Beringi ina ringi mbili, ya nje inayokaa kwenye habu na ya ndani inayoshika ekseli. Ukiiingiza kwenye habu, pigo lote liende kwenye ringi ya nje. Fundi akigonga ringi ya ndani, nguvu inapita katikati ya gololi, na kila gololi inaacha kidimbwi kidogo kwenye njia yake. Kwa macho huoni kitu, beringi inang'aa kama ilivyotoka kwenye boksi, lakini imeshaumia siku ya kwanza. Njia ya mtaani iliyo salama ni kutumia beringi ya zamani yenye kipimo kile kile kama kigongeo, au soketi ambayo upana wake unalala juu ya ringi ya nje tu.

Wa tatu anasahaulika kila mara: beringi ya tatu. Pikipiki nyingi zenye raba ndani ya habu zina kibebeo cha sproketi kinachokaa peke yake juu ya raba hizo, na kibebeo hicho kina beringi yake. Umeniandikia kwamba fundi aliweka mbili. Mwulize, au fungua uangalie mwenyewe, kama kwenye sproketi ipo nyingine na kama aliwahi kuigusa. Hiyo ndiyo inayovutwa na cheni moja kwa moja. Ikiwa imekufa, sproketi inainama, cheni inapinda, na beringi mpya jirani zake zinabeba mzigo usio wao. Ukiwa hapo bonyeza na raba zenyewe. Zikiwa zimekuwa ngumu au zimesagika, badilisha.

Halafu kuna habu yako, na hapa nitakuambia ukweli usioupenda. Beringi iliyozama kwa kidole imekuta habu iliyokwisha. Beringi ya kawaida inaingia kwa kubana. Ikiwa imelegea, ringi ya nje inazunguka ndani ya habu, na kwa kuwa habu ni alumini na ringi ni chuma kigumu, kinacholika ni habu. Vidoti vya senta panchi vinaibana kwenye ncha chache tu. Ncha hizo zinalala baada ya mashimo machache ya barabarani, na beringi inarudi kucheza ikiwa imekaa mshazari. Vipande vya kopo la soda wanavyoviweka wengine ni hivyo hivyo. Kama ulegevu ni mdogo kabisa, ipo gundi maalumu ya kushikilia beringi, inauzwa kwenye maduka makubwa ya vipuri, na inafanya kazi ikiwa pande zote zimefutwa mafuta vizuri. Ukizidi hapo, zimebaki njia mbili. Moja ni kumpelekea fundi mkereza vyuma apanue tundu na kuweka bushi ya chuma yenye kipimo cha beringi. Nyingine ni kununua habu nyingine, hata ya mtumba iliyo nzima. Ukinunua ya mtumba nenda na beringi mpya mfukoni uijaribu: isikubali kuingia kwa kidole.

Kabla ya kununua chochote soma namba iliyo ubavuni mwa beringi ya zamani, usimwachie mwenye duka akukadirie kwa macho. Mfano, 6302 ina tundu la milimita 15, upana wa nje 42 na unene 13. Ipo 6004 ambayo nje nayo ni 42, lakini tundu lake ni 20 na unene ni 12. Kwenye habu itaingia, na mtu asiye makini atakuuzia halafu atatafuta bushi ya kujazia kwenye ekseli. Baada ya namba angalia herufi. Zenye 2RS zina sili ya raba pande zote mbili, ndizo za matope yenu ya Kilombero. Zenye ZZ zina kifuniko cha bati kisichogusa ringi ya ndani. Vumbi kubwa kinazuia, maji hakizuii. Beringi za elfu tatu sizijui zilivyo ndani, ila kama maandishi yake yanafutika kwa kucha au boksi halina namba inayolingana na iliyopo kwenye chuma, irudishe.

Siku ya kazi, simama pale pale na fundi. Beringi za zamani zinatolewa kwa kusogeza kibomba pembeni kwa tindo refu na kugonga ringi ya ndani kutoka upande wa pili, huku na huku, isitoke mshazari ikachimba habu. Iliyotolewa hivyo hairudi tena hata kama inaonekana nzima. Osha habu, ikaushe, ondoa mavidoti yaliyosimama. Beringi mpya ziwe zimelala usiku kucha kwenye friza ya mama anayeuza maji ya baridi, ndani ya mfuko uliofungwa. Habu imwagiwe maji yaliyochemka, ifutwe haraka ikauke. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma ikipata joto, kwa hiyo tundu linafunguka kidogo wakati beringi imesinyaa, na kazi ya nyundo inapungua sana. Nayapenda maji kuliko moto wa gesi kwa sababu hayazidi nyuzi 100, hayaunguzi kitu.

Beringi ya kwanza ikae mpaka mwisho kwenye kikalio chake. Utasikia mlio wa nyundo unabadilika, unakuwa mkavu. Geuza tairi, weka kibomba. Weka kibomba! Kisha beringi ya pili iende mpaka iguse kibomba na isimame hapo. Kabla ya kuendelea ingiza kidole kwenye kila ringi ya ndani uzungushe. Iende laini, bila kukwaruza. Weka sili mpya ya pembeni, paka ekseli grisi nyembamba, na ubiringishe ekseli hiyo juu ya kioo kwanza uone kama imepinda. Ekseli iliyopinda itakurudisha kwangu mwezi ujao.

Kuhusu maji nina la kuomba. Ukitoka safari ndefu habu ina joto, na hewa iliyo ndani imetanuka. Ukiingia kwenye dimbwi au ukaipeleka moja kwa moja kwa waosha pikipiki, hewa ile inasinyaa ghafla na kuvuta maji kupitia sili. Iache ipoe. Na bomba la presha lisielekezwe kwenye habu kabisa, hapo patoshe tambara.

Kuhusu gunia la mpunga, naelewa msimu ndio unaolipa ada na kodi ya nyumba, siwezi kukuambia uache. Lakini ujue hesabu yake: kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara mbili, maisha ya beringi yanashuka hadi sehemu moja ya nane. Gunia la kilo 100 likikaa nyuma kabisa ya keria, tairi la nyuma linabeba zaidi ya uzito wa gunia lenyewe, maana linanyanyua na mbele. Lisogeze mbele liegemee kiti, lifunge chini, na mwenye mpunga asipande juu yake. Atapanda safari ya pili.

Amebaki bosi. Usimwendee na maneno, mwendee na vyuma. Mafundi wakishafungua, chukua beringi zilizokufa, zifunge kwenye kitambaa, umpelekee. Mpe moja mkononi aizungushe mwenyewe asikie inavyosaga, na mwoneshe kwa picha ya simu tundu la habu lenye vidoti. Pikipiki bado ni mali yake mpaka mkataba uishe, na ikianguka na abiria barabarani atakayeitwa polisi si wewe peke yako. Beringi na grisi ni matumizi ya kila siku, hayo yabebe wewe. Habu ni kiungo cha pikipiki, ni haki kumwomba aitoe yeye au mgawane, na akusamehe hesabu ya siku ambazo pikipiki iko kwa mkereza, siku hizo ziongezwe mwishoni mwa mkataba. Mkikubaliana, mtumie ujumbe wa simu unaorudia mlichokubaliana, kwa heshima, ili baadaye pasiwe na ubishi. Akikataa kabisa, angalau mwambie waziwazi kwamba utabeba vifurushi vyepesi kwa mwendo wa taratibu na hutabeba watu.

Ukishafunga, tembea kilomita chache peke yako, simama, gusa habu pande zote mbili. Uvuguvugu ni kawaida kwa sababu ya breki. Ikikuunguza kidole wakati breki hujaitumia sana, rudi kwenye jaribio la nati. Na ukifungua ukakuta kibomba hakipo, usikubali kipande cha bomba la maji: pima kwa venia (kipimo cha chuma cha milimita) kutoka kikalio kimoja hadi kingine ndani ya habu, niandikie kipimo hicho pamoja na unene wa ekseli, nami nitakuandikia maelekezo ya kumpa mkereza.